Mishono Nje

Machi 2

Leo asubuhi nimemsikia kaka yangu redioni akimwosha mama yetu miguu.

Nilikuwa natunga uzi kwenye cherehani. Redio iko juu ya rafu ya vitambaa, naiwasha mapema kwa ajili ya Mama, maana nyumba ikinyamaza yeye huanza kutafuta watu waliokwisha kufa. Mtangazaji akasema ana mgeni wa heshima, naibu mwenyekiti wa kamati ya serikali inayoandaa Mpango wa Taifa wa ugonjwa wa kusahau uzeeni: utafiti, huduma, na msaada kwa familia. Sauti ikaja laini, ya mtu aliyelala usingizi wake wote. Niliijua kabla hajatajwa.

"Mimi ni mtu wa mipango kwa taaluma," akasema Kaka, "lakini kwanza ni mtoto wa mama yangu. Nikitoka ofisini jioni namwosha miguu kwa maji ya vuguvugu. Dimenshia nimejifunzia hapo, sikujifunzia vitabuni."

Nikaitazama miguu ya Mama. Nilikuwa nimeikausha punde tu, taulo bado begani kwangu.

Kaka hajakanyaga hapa tangu kiangazi kilichopita. Anachofanya ni kupiga simu kila Jumapili. "Mama anaendeleaje? Niambie, mdogo wangu, usinifiche kitu." Nami mjinga, mtu wa kuongea naye sina, namwambia. Jumapili iliyopita nilimwambia habari ya mteja wa kwenye kioo.

Duka hili lilikuwa la Mama kabla halijawa langu. Yeye ndiye fundi, mimi nimerithi kiti tu. Kioo kirefu cha wateja kiko ukutani karibu na meza ya kukatia, na Mama siku hizi akikipita humwona mwanamke wa makamo yake amesimama. Hajui ni nani. "Mpe kiti yule mama," huniambia, "amesimama muda mrefu." Mara huchukua futi ya kupimia na kupima kioo mabega. Asipojibiwa anahuzunika, kwa hiyo nimekifunika kwa shuka. Sasa wateja wanajaribu nguo bila kujiona, na wengine wakitoka hawarudi.

Basi Kaka kayamwaga yote redioni, kiti, futi, mabega. "Nikamwambia, Mama, mteja ameshakaa, usiwe na wasiwasi." Hayo ni maneno yangu, hata koma hakubadilisha. Mtangazaji akavuta pumzi akasema taifa linahitaji wana kama huyu.

Ninaandika ili nami nisije nikasahau. Mtenda hutenda akasahau, mtendewa hasahau, na katika nyumba hii msahaulifu mmoja anatosha. Kaka nitamwonyesha.

Machi 3

Mvua. Umeme umekatika, nimeshona kwa cherehani ya mguu. Bado nina hasira.

Machi 6

Jirani yangu wa duka la dawa, ambaye mtaa mzima tunamwita Vidonge, kaja kujikinga mvua. Nilimpa kigoda.

"Shoga, nimemsikia kaka yako. Kumbe anakusaidia hivyo?"

"Ananisaidia kusema."

Nikamweleza. Vidonge si mtu wa kushangaa, kazi yake imemzoesha. Akasema, "Walau yamesikika. Sisi tukisema nani anatusikiliza? Pale kwangu watu wanakuja kuniuliza dawa ya kumlaza bibi ili mtu aende sokoni. Kama huo Mpango utaleta muuguzi hata mara moja kwa mwezi, mwache aseme."

"Aseme ya kwake."

"Ya kwake hana."

Ukweli wa mtu mwingine wakati umekasirika ni kama sindano iliyoachwa kwenye nguo, hujui itakuchoma upande gani.

Machi 9, Jumapili

Naandika nikiwa nimetulia kabisa, ili ijulikane kwamba nilifanya kwa akili zangu.

Kaka kapiga saa zake zile zile. Nilikuwa na gauni la mteja mapajani, nimeligeuza ndani nje, nakata nyuzi. Mama alikuwa dirishani anaangalia matone.

"Wenzangu wameipenda sana ile ya kioo," akasema. Hakuona hata haya. "Mpaka daktari wetu wa wazee aliandika. Sasa tuko kwenye sura ya huduma nyumbani. Huna nyingine? Kitu kidogo, cha kila siku. Watu wanapenda vitu vidogo."

Nikaliangalia gauni. Mishono yote iko nje, nyuzi zinaning'inia, mifuko imetoka. Na maneno yakaja yenyewe.

"Iko moja," nikasema. "Jioni akianza kuhangaika, namvalisha nguo ndani nje. Mishono ikikaa nje haimkwaruzi ngozini. Anatulia kabisa. Nimejaribu mara nyingi."

Nilisikia kalamu yake. Naapa niliisikia.

"Unasema kweli?"

"Njoo uone."

"Ningekuja, mdogo wangu, ila wiki hii imebana."

Alipokata simu nikacheka mpaka Mama akageuka. Mtoto aliyelelewa ndani ya nyumba hii angejua pale pale. Mama alikuwa akituona tumetoka na uzi mmoja unaning'inia kwenye pindo, anatuita turudi kutoka mwisho wa mtaa. "Mwili wa fundi ndio bango lake," alikuwa akisema. Mtu kuvaa nguo ndani nje, kwake, ilikuwa aibu kuliko kutembea uchi, kwa sababu uchi ni kazi ya Mungu na haina kosa. Siku moja Kaka alikwenda shule na sweta limegeuka. Mama alifunga duka katikati ya siku, akaenda kumgeuzia mbele ya darasa lake zima, akarudi kushona. Tulilisimulia jambo hilo mpaka tukawa watu wazima. Kaka kalisahau, na hana ugonjwa wowote.

Machi 12

Mvua tena. Mama kaniuliza kama nimekuja kupimwa. Nikasema ndiyo, akanipima kiuno na kusema nimenenepa.

Machi 14

Mama kaniuliza tena kama ninahudumiwa. "Keti," akasema, "binti yangu anakuja sasa hivi. Ndiye fundi siku hizi. Ana mkono mzuri kuliko wangu, ila usimwambie nimesema."

Zamani akiwa na akili zake hakuwahi kuniambia hivyo. Nikauliza binti huyo yukoje.

"Mpole. Lakini ukimgusia mama yake, utamkoma."

Nilikwenda nyuma nikajifanya natafuta bitana.

Machi 16, Jumapili

Kasema. Redioni, kwa sauti ile ile ya asali: "Katika kumhudumia mama, niligundua jambo dogo." Kaipa na jina, Njia ya Mishono Nje. Nilikuwa nashona pindo kwa mkono, nikajidunga sindano, wala sikusikia maumivu.

Alipopiga simu jioni nikamwambia nimemsikia, nikampongeza. Akasema, "Hii ni yetu sote, mdogo wangu." Nikasema bila shaka.

Sasa namngoja daktari wa wazee amcheke mbele ya nchi nzima.

Machi 21

Hakuna aliyecheka.

Daktari mwenyewe kaja redioni, kasema jambo hilo ni la kuvutia, ngozi ya mzee ni nyepesi, inafaa kufanyiwa utafiti. Kasema mengi tu huanzia kwa familia. Kaka kakohoa kwa unyenyekevu. Nilitamani kuirusha redio barabarani.

Mchana kaja mteja mpya, mwalimu wa hesabu, mwanamke mnyoofu ambaye hata mwavuli wake ameukunja kwa pembe. Baba yake amekuwa wa kusahau mwaka wa pili huu. Anataka suti mbili za kulalia na shati, mishono iwe nje, kola imegeuzwa. "Nimesikia redioni. Na nimesikia wewe ndiye dada yake yule bwana. Una bahati, ndugu yangu mimi akiniona anavuka barabara."

Nilichukua vipimo vya baba yake alivyokuja ameviandika. Nilitaka kusema kitu. Nikasema nguo zitakuwa tayari Ijumaa ijayo.

Machi 28

Mwalimu kachukua nguo zake. Kashukuru sana.

Machi 30, Jumapili

Dereva wa Kaka kaniletea rasimu ya Mpango, ndani ya bahasha ya plastiki kwa ajili ya mvua. Kaka anataka "maoni ya kifamilia." Nimeisoma Mama akiwa amelala mchana, mguu wangu ukiwa juu ya pedali kwa mazoea.

Nimo humo ndani ukurasa baada ya ukurasa, bila jina. Mlezi anayekula amesimama. Mlezi ambaye hajaingia kanisani wala msibani wala popote mwaka mzima kwa kukosa wa kumwachia mgonjwa. Mlezi anayedanganya kwa upendo. Yote nilimwambia kwenye simu, mengine nikilia. Halafu inakuja sura ya msaada kwa familia: muuguzi wa kuzunguka nyumba kwa nyumba, siku ya mapumziko ya mlezi, kituo cha mchana cha wazee, mafunzo kwa ndugu, pesa za utafiti ili ugonjwa ujulikane mapema na siyo baada ya mtu kupotea barabarani.

Mpango ni mzuri. Hilo ndilo linaloniua. Angekuwa ameandika upuuzi ningemdharau nikalala.

Na kwenye sura ya huduma nyumbani, katikati ya mambo yote hayo ya maana, imekaa Njia ya Mishono Nje, imechorewa kisanduku chake cha pekee ukurasani.

Vidonge alipoisoma akaniambia, "Mpigie umwambie akitoe hicho kisanduku."

"Akuanzaye mmalize," nikasema.

"Hasira hasara, shoga."

"Hasara nimeshapata. Sasa nataka hasira yangu."

Aprili 5

Uzinduzi ni tarehe 18. Waziri atakuwepo, kamera zitakuwepo. Kaka kasema siku hiyo atapanda jukwaani amevaa koti lake ndani nje, kuonyesha mshikamano na wagonjwa. Nilimwambia arudie, nikajifanya simu inakatika, ili nisikie tena.

"Na Mama lazima awepo," akasema. "Wewe pia. Familia ya mfano."

Nilikubali haraka mno, mpaka akauliza kama niko sawa.

Leo nimefanya kazi nikiimba. Nikifumba macho namwona Kaka, naibu mwenyekiti, bitana inang'aa nje, mifuko imening'inia, mabega ya koti yametoa pamba, na nchi nzima inamtazama mtoto wa fundi. Mama angekuwa mzima angefunga duka akaenda.

Aprili 7

Mvua. Mama kakataa kula. Baadaye kala.

Aprili 9

Mwalimu karudi. Nilidhani anataka nyingine.

"Baba ametulia," akasema. "Kweli ametulia. Ila hatoki tena nje ya chumba. Zamani asubuhi alikuwa anakaa kibarazani anasalimia wapita njia, hata kama hawajui. Sasa anajifunika blanketi mpaka shingoni. Nikimfunua anashika kola namna hii." Akanionyesha, akiibana kola yake kwa ngumi. "Nauliza tu, kwa mama yenu ilikuwa hivyo mwanzoni?"

Nilikuwa na pini mdomoni, zile za kubania pindo. Ningeweza kuzitoa.

"Atazoea," nikasema katikati ya pini.

Akashukuru. Watu wa aina yake hushukuru hata wanapopigwa.

Aprili 13, Jumapili

Nilikusudia kumwambia Kaka leo. Nilikuwa nimepanga maneno. Akaanza kwa kusema amehojiwa na gazeti, na mwandishi alilia aliposikia anavyomlisha Mama kijiko kwa kijiko.

Nikamwambia Mama hajambo.

Aprili 18

Nitaandika kwa mpangilio, kwa sababu nikianzia mwisho sitafika mwanzo.

Asubuhi mvua ilikatika. Nilimwogesha Mama nikamvalisha gauni lake la bluu, la mwisho alilojishonea akiwa fundi wa kweli. Kola kaiweka kwa mkono. Ukilitazama upande wa ndani huoni hata fundo la uzi. Nililipiga pasi mara mbili. Wifi yangu, mke wa Kaka, akaja na gari kumchukua, akasema wageni maalumu wanaingilia mlango wa nyuma. Mimi na Vidonge tukaenda kwa miguu, tukaingia na kadi zetu mlango wa mbele, tukakaa safu ya tatu. Mikono yangu ilikuwa inatoa jasho kwa furaha.

Ukumbi ulijaa. Waziri na wakubwa wake walikuwa kwenye meza ndefu yenye kitambaa cheupe, na nyuma yao skrini kubwa ukuta mzima, inayoonyesha kila kinachotokea jukwaani. Hotuba, makofi, hotuba. Daktari wa wazee akaongea vizuri juu ya utafiti, kwa maneno ambayo hata mimi niliyaelewa. Kisha akaitwa Kaka.

Akatoka. Koti limenyooka, vifungo vinang'aa, tai iko mahali pake.

"Kageuza mawazo," Vidonge akanong'ona, na nadhani alifarijika.

"Nilikuwa nimekusudia kuvaa koti langu ndani nje mbele yenu," Kaka akasema kwenye kipaza sauti. "Wenzangu wakanishauri kwamba mfano bora ni mwenye hali yenyewe. Namleta kwenu mwalimu wangu. Mama yangu mzazi."

Wifi akamwingiza kwa mkono.

Walikuwa wameligeuza gauni la bluu huko nyuma. Mishono yote nje. Kola imelala kwa upande wake wa siri, na mifuko miwili inaning'inia nyongani kama masikio ya mbuzi. Mama alikuwa anatembea polepole, ametulia, anatabasamu, kwa sababu kuna watu wengi na yeye daima alipenda wateja. Watu wakapiga makofi. Nilisimama, nikashika kiti cha mbele yangu.

Kamera ikamvuta karibu. Sura yake ikajaa kwenye skrini, na Mama akaiona.

"Jamani," akasema. Kipaza sauti cha Kaka kikamnasa. "Yule mama pale. Nani kamvalisha vile?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha upole. Kaka naye akacheka. "Mnaona anavyoongea kwa furaha."

Mama akamwinulia mkono mwanamke wa skrini, na mwanamke akamwinulia. "Njoo, dada," akamwambia. "Usione haya. Njoo nikugeuzie nguo, haitachukua muda." Akanyoosha mkono zaidi kumpokea, na ndipo akauona mkono wenyewe. Akaona mshono umepita juu ya bega lake mpaka kifundoni mwa mkono. Akaupapasa kwa kidole gumba, taratibu, namna anavyopapasa kazi ya fundi mwingine. Akaujua kuwa ni wa kwake.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya vile. Jina lake halikumbuki, langu halikumbuki, lakini hiyo aibu aliikumbuka yote.

Akaanza kutafuta vifungo. Vilikuwa ndani, vidole vikapapasa kifua bila kuvipata, basi akalishika gauni kwenye pindo akaanza kulivua kwa kichwa, ili aligeuze. Pale pale. Mbele ya Waziri. Magoti yakatoka, shimizi ikatoka, na kwenye skrini vyote vilikuwa vikubwa kama nyumba. Kaka alisimama ameshika kipaza sauti, mkono wake mwingine unakwenda na kurudi, hajui amguse wapi. Hajawahi kumvua wala kumvika.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka kitambaa cha meza ya wakubwa, nilikivuta, glasi zikaanguka, maji yakamwagikia karatasi zao. Nilimzungushia Mama kitambaa hicho mwili mzima nikamkumbatia kwa nguvu. Kichwa kikachomoza kutoka kwenye gauni, nywele zimetimka, akatutazama mmoja mmoja, Wifi, Kaka, mimi. Hakumjua yeyote kati yetu.

"Ngojeni binti yangu aje," akasema. Hakupaza sauti. "Ngojeni tu. Akijua mmenivalisha hivi mbele za watu, mtamkoma."

Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi.

Kwenye chumba cha nyuma nililigeuza gauni, nikamfunga vifungo, akatulia mara moja, hata kabla sijafika cha mwisho. Wifi alikuwa analia kwenye kona. Kaka akaja, tai imelegea.

"Ulisema anatulia."

"Nilisema."

"Ulisema umejaribu mara nyingi." Akanitazama, na nikaona linamwingia polepole, hatua kwa hatua, mpaka likafika. "Ulitunga. Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa huji kuona. Ungekuja siku moja, Kaka. Siku moja tu ungejua ni uongo."

Akafungua mdomo. Nilijua hasa alichokuwa anatafuta. Alikuwa anatafuta mtu wa kumshtaki kwake, na hakuna, kwa sababu ili aseme mimi ndiye niliyemdanganya, lazima kwanza aseme si yeye aliyekuwa akimhudumia Mama. Nilikuwa nimemfunga vizuri. Mshono mzuri, imara, hautoki. Majuma yote haya nilikuwa naisubiri sura ile, na sasa ilikuwa mbele yangu, na mikononi mwangu Mama alikuwa bado anapapasa bega la gauni, kuhakikisha mshono uko ndani.

Aprili 19

Mvua kutwa. Nimemwosha Mama miguu. Hatujawasha redio.

Aprili 20, Jumapili

Simu haikulia.

Aprili 22

Nimekwenda kwa mwalimu, Vidonge kanishikia Mama. Baba yake yuko kama alivyosema, blanketi mpaka shingoni. Nikamwambia mwalimu nguo zile ni kosa langu, azitupe. Nilikuwa nimebeba shati jipya, mishono ndani, nimelishona jana. Tukamvika pamoja. Mzee akapapasa kola, akapapasa pindo, akauliza kama kuna mtu kibarazani.

Mwalimu hakuniuliza ni kwa nini nilingoja. Alinisindikiza mpaka mlangoni bila neno la shukrani, na mwavuli hakunifungulia.

Aprili 24

Kaka kaja. Bila dereva, viatu vina tope. Kasimama mlangoni kama mtu anayeulizia njia.

"Karibu," Mama akamwambia. "Umekuja kupimwa?"

Akanitazama. Sikumsaidia. Bado nina kinyongo, na sitaandika hapa kuwa kimeisha. Akasema, "Ndiyo, Mama." Mama akachukua futi, akampima mabega, mgongo, mkono, akamwambia simama wima, akamwambia umekonda. Alipomaliza akaanza upya, na Kaka akasimama tu akapimwa tena. Kaka alikuwa analia, Mama akadhani ni mvua, akampangusa kwa kipande cha kitambaa.

Baadaye akaniambia kile kisanduku kimeondolewa kwenye Mpango. Kilichobaki kimepita, muuguzi, kituo, mapumziko, utafiti, vyote.

"Uliwaambia nini?"

"Kwamba utafiti wake haujakamilika."

"Muongo."

"Na wewe je?"

Hatukucheka. Akasema atakuja Jumamosi, mimi nitoke, niende ninakotaka. Nikasema tutaona. Nikamwonyesha maji ya miguu yanapashwa kiasi gani, kwa kiwiko siyo kwa kiganja, na kwamba mguu wa kushoto una kidole kinachouma. Hilo hakuwa amelisema redioni, kwa sababu sikuwahi kumwambia.

Aprili 27, Jumapili

Jua, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

Jana Kaka alikuja kweli. Nilikwenda kwa Vidonge nikakaa kwenye kigoda chake, sikujua kwingine pa kwenda.

Leo Mama amelitoa gauni la bluu kabatini akalipeleka dirishani penye mwanga. Akaligeuza, akaukagua mshono mmoja mmoja, bega, ubavu, kwapa, kisha akaligeuza tena akalikunja. Akanitazama mimi niliyekuwa kwenye cherehani.

"Samahani, mama," akaniambia. "Binti yangu bado hajaja?"

"Bado."

"Akija usimfiche. Mwambie walivyonivalisha. Mwambie na aliyefanya ni nani."

"Nitamwambia, Mama."

Akaridhika. Akavuta kigoda, akalipakata gauni, akakaa ameelekea mlangoni, akaanza kumngoja.